Mwana Hiti na Mkole

Mwana hiti ni kinyago kidogo cha mti ambacho Wakwere wa Vigwaza, katika bonde la Ruvu, na majirani zao, Wazaramo, Wadoe na Waluguru, walimkabidhi mwali aliyewekwa ndani baada ya kuvunja ungo. Mwana hiti hana mikono wala miguu. Ana kiwiliwili cha mviringo, matiti madogo, kitovu, na mara nyingi nywele zilizogawanywa mafungu mawili kama vishungi. Makumbusho ya Ulaya humwita mwanasesere. Wengine wamemdhania sanamu la kuabudiwa. Wote wamekosea. Mwana hiti hachezewi wala hasujudiwi, hulelewa.

Malezi hayo yana mizizi porini. Mkole ni mti mdogo wa vichakani ambao hautoi mbao na mfanyabiashara hana haja nao. Hata hivyo, chini yake ndipo mwali huketishwa, makungwi wakaimba na kumfunda, maana mkole huzaa matunda mengi na ukoo unatamani uzae vivyo hivyo. Kwa kuwa makabila haya huhesabu ukoo upande wa mama, uzazi wa binti ndio uhai wa ukoo wenyewe. Mtafiti wa Kifini, Marja-Liisa Swantz, aliyeishi na Wazaramo wa Bunju katika miaka ya 1960, aliupa mti huu nafasi kubwa katika kitabu chake cha 1970.

Akiwa ndani, mwali humwogesha mwana hiti na kumpaka mafuta kama anavyojipaka mwenyewe. Mti umetoa mwili, binti anautunza, naye anatarajia kujaliwa mtoto wa damu na nyama. Akimtupa, huhofiwa atakuwa mgumba. Tena kinyago si chake: ni cha ukoo, hupita kwa mwali huyu hadi yule, ndiyo maana vya zamani vimelainika na kung'aa kwa mafuta ya mikono mingi. Umbo hilohilo lilichongwa kwenye bakora za wazee, zeze na nguzo za makaburi, kwa hiyo aliyezaliwa na aliyezikwa walikuwa chini ya alama moja.



Wanaoubeza unyago huu wa kumfunda mwali kuwa ushenzi hawajauliza nani anauharibu msitu ambao malezi haya yanautegemea. Mwana hiti mmoja hudai kipande cha mti kisichozidi mkono, na akishachongwa hutumika vizazi. Gunia la mkaa linalopandishwa lori kwenda Dar es Salaam humaliza miti mizima, likaisha jikoni kwa wiki chache. Vichaka vya bonde la Ruvu vimepungua kwa mkaa, mashamba na viwanja, na vinyago vingi vya kale vimeishia kwa wakusanyaji wa nje. Shule nayo imebana muda: mwali ambaye zamani alikaa ndani miezi mingi, pengine hata miaka, siku hizi hufundwa wakati wa likizo, akachezwa ngoma na kurudi darasani.