Machale Yana Ukoo

Tumbili mchanga ametulia juu ya mgunga katika hifadhi ya Amboseli, Kenya. Jani linadondoka likipepea. Mara anapiga ukelele, ule ambao kwao maana yake ni tai. Wakubwa wanainua macho, hawaoni kitu, wanaendelea kula.

Mwishoni mwa miaka ya 1970, Robert Seyfarth na Dorothy Cheney walikuwa Amboseli wakichunguza milio hiyo. Upo wa chui, unaowakimbiza mitini. Wa tai, unaowafanya watazame juu au wajitupe vichakani. Na wa nyoka, unaowasimamisha kwa miguu ya nyuma wakikagua nyasi. Watoto hukosea sana, ila makosa yao yana mpaka. Mlio wa tai hutolewa kwa kitu cha hewani, hata kikiwa njiwa. Wa chui kwa mnyama wa ardhini. Hawazaliwi wakimjua tai. Huzaliwa na mashaka juu ya vitu virukavyo, kisha maisha huwafundisha kipi ni cha kuogopwa.

Na mashaka hayo yana faida. Aliyekimbia jani amepoteza sekunde chache; asiyemkimbia tai haachi wajukuu.

Kwa binadamu, hali hii tunaiita machale kucheza: mwili unastuka, sababu inafuata baadaye. Mwaka 1997, Antoine Bechara, Antonio Damasio na wenzao wa Iowa, Marekani, waliwapa watu mafungu manne ya karata. Mawili yalilipa vinono lakini mwishowe yalifilisi. Mawili yalilipa kidogo na kuleta faida. Wachezaji walikuwa wamevishwa vipimo vya jasho la ngozi. Kufikia karata ya 10 hivi, jasho lilipanda kila mkono ulipoelekea mafungu mabaya. Ilipofika ya 50 hivi ndipo waliposema wanayatilia shaka, na kwenye ya 80 wengi wakaweza kueleza sababu. Wagonjwa walioumia sehemu ya mbele ya ubongo hawakutoa jasho hilo. Baadhi yao walieleza vizuri fungu lipi linafilisi, na bado wakalichagua.

Mbona basi mmoja huamua kwa machale na mwenzake hupima mara saba? Dokezo limetoka kwa Parus major, ndege mdogo wa Ulaya mwenye kifua cha njano. Nchini Uholanzi, watafiti waliwaachia ndege hao, mmoja mmoja, katika chumba chenye miti mitano ya bandia. Wengine waliizunguka yote upesi, wengine walijivuta. Tabia hiyo hurithiwa kwa kiasi. Walipofuatiliwa porini, walionusurika hawakuwa wa aina moja kila mwaka: chakula kilipobadilika, bahati iligeuka, na bahati ya majike ilikuwa kinyume cha ile ya madume. Hakuna tabia iliyoshinda moja kwa moja, kwa hiyo zote zimebaki.

Ndege si mtu, lakini huenda nasi tumerithi pande zote mbili kwa sababu kama hiyo. Machale huaminika pale tulipozoea na kusahihishwa mara nyingi. Mahali pageni, sote ni tumbili wachanga. Wakubwa wa Amboseli hawampuuzi mtoto anayepiga ukelele, wala hawakurupuki. Kwanza hutazama juu.