Mioyo mitatu, damu ya buluu, na chumvi kidogo

Pweza, ambaye wauza supu wa Dar es Salaam humnadi kuwa dawa ya nguvu za kiume, ni mnyama ambaye dume wake akishajamiiana huanza kufa. Hamu ya kula humpotea, ngozi hupauka, vidonda haviponi, na baada ya wiki kadhaa au miezi michache amekwisha. Sijapata kumsikia muuzaji akiigusia habari hiyo huku anamimina kikombe cha pili. Supu yake ina protini tele, vitamini B12 na madini ya chuma, na ikikolea ndimu na pilipili ni tamu kweli. Kwa hayo anastahili kulipwa. Yaliyobaki ni maneno ya biashara.

Sisemi kwamba pweza si mnyama wa ajabu. Ila watu wanaopenda kushangazana barazani wana tabia ya kukimbilia maajabu yake madogo na kuyaacha makubwa. Akitajwa pweza, utasikia mambo matatu: ana mioyo mitatu, damu yake ni ya buluu, ana bongo tisa. La kwanza ni kweli tupu. La pili ni kweli, lakini si lake peke yake. La tatu limetiwa chumvi.

Mioyo yake miwili midogo imekaa mmoja kila upande, kwenye shina la matamvua, na kazi yake ni kuisukuma damu ipite humo ikachukue oksijeni. Wa tatu, ulio mkubwa, huipokea damu iliyokwisha kupata oksijeni na kuisambaza mwilini. Kwa nini mmoja usitoshe, kama unavyotutosha sisi? Sababu iko kwenye damu yenyewe. Sisi tunabeba oksijeni kwa himoglobini, protini yenye chuma iliyofungiwa ndani ya seli nyekundu. Pweza hutumia hemosianini, protini yenye shaba inayoelea wazi katika majimaji ya damu. Hii hubeba oksijeni kidogo kuliko ile yetu, tena huifanya damu iwe nzito, kwa hiyo inahitaji kusukumwa kwa nguvu zaidi. Hata hivyo mioyo mitatu haimfanyi kuwa na pumzi ndefu. Anapoogelea kwa kurusha maji kwa nguvu, ule moyo mkubwa husita, pengine ukasimama kabisa. Si ajabu kwamba mara nyingi utamwona akitambaa.

Shaba ikikamata oksijeni, damu huwa buluu. Ikiiachia, rangi hutoweka. Ndiyo maana anayemkata pweza jikoni haoni kibao chake kikigeuka buluu. Kaa, kamba na kambakochi nao wana damu ya shaba hivyo hivyo, na hakuna anayeitangaza kwa majirani.

Sasa hizo bongo tisa. Pweza ana ubongo mmoja, nao umezunguka koo lake kama pete: chakula anachomeza hupita katikati ya ubongo. Hivyo hulazimika kukitafuna kwa mdomo wake mgumu hadi kiwe vipande vidogo. Hesabu ya tisa imetokana na minyiri yake minane. Kwa jumla ana seli za neva zipatazo milioni 500, na karibu theluthi mbili zimo kwenye minyiri, si kichwani. Kila mnyiri una uzi mnene wa neva unaopita ndani yake, nao unaweza kupapasa, kukunja, kushika na kuachia bila kusubiri kila amri itoke juu. Kuuita kila mmoja ubongo ni kuongeza neno, kwa sababu mnyiri haukumbuki wala haupangi safari. Lakini aliyewahi kumsafisha pweza aliyetoka majini anajua kilichomo katika habari hii. Mnyiri uliokatwa huendelea kujikunja juu ya kibao, na ukiubana baada ya nusu saa bado hushtuka. Majaribio ya maabara yameonyesha kwamba unaweza kuitikia namna hiyo kwa muda wa kama saa nzima.

Hapo ndipo swali zuri linapozaliwa, ambalo sijasikia likiulizwa barazani. Kila mnyiri una vikombe vingi vya kunyonya vinavyong'ang'ania chochote vinachogusa. Minyiri iko minane, kila mmoja unajiendea. Kwa nini basi pweza hajifungi mafundo mwenyewe?

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kiebrania, Jerusalem, walilijibu mwaka 2014. Walichukua minyiri iliyokatwa, ambayo ilikuwa bado inashika, wakaisogezea vitu mbalimbali. Ilishika vyote, isipokuwa ngozi ya pweza. Walipoisogezea mnyiri mwingine uliochunwa ngozi, iliushika vizuri tu. Wakapaka sahani ya plastiki dawa iliyokamuliwa kutoka kwenye ngozi ya pweza, na nguvu ya kushika ikashuka sana. Kumbe ubongo haujishughulishi kujua kila mnyiri uko wapi. Ngozi yenyewe ina kemikali inayovikataza vikombe visishike. Miaka sita baadaye maabara ya Nicholas Bellono, Chuo Kikuu cha Harvard, ilionyesha kwamba vikombe hivyo vina vipokezi vinavyoonja kile vinachokigusa. Pweza anapoingiza mnyiri katika ufa wa mwamba asiouona ndani, anapapasa na kuonja kwa pamoja. Kwangu mimi hilo linashinda mioyo hata iwe kumi.

Macho yake nayo yana habari. Jicho la pweza linafanana sana na letu, lina mboni, lenzi na retina, ingawa ukoo wetu na wake uliachana zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita na kila upande ukajitengenezea jicho lake. La kwake limepangwa vizuri zaidi. Katika jicho la binadamu nyuzi za neva zimepita mbele ya seli zinazopokea mwanga, ni kama fundi umeme aliyepitisha nyaya zake mbele ya balbu, halafu zikatoboa retina ili zitoke nyuma. Pale zinapotoboa hatuoni kitu. Za pweza zimepita nyuma tangu mwanzo, na doa hilo pofu hana.

Pamoja na jicho zuri hivyo, haoni rangi. Ana aina moja tu ya vipokezi vya mwanga, sisi tunazo tatu za kutofautisha rangi. Na huyu ndiye bingwa wa kubadili rangi baharini! Ukimtazama kwa karibu utaona ngozi imejaa vidoa vidogo mno, vya njano, vyekundu, vya kahawia. Kila kidoa ni kifuko cha rangi kilichozungukwa na misuli. Misuli ikivuta, kifuko hutanuka na rangi huonekana; ikilegea, hunywea kikawa nukta isiyoonekana. Neva zinazoiamuru zinatoka moja kwa moja kwenye ubongo, kwa hiyo kazi yote huchukua chini ya sekunde moja. Misuli mingine huinua ngozi ikawa na vipele na miiba, na mnyama laini akageuka jiwe lenye mwani. Namna asiyeona rangi anavyoweza kuilinganisha na mwamba bado inabishaniwa. Mwaka 2015 watafiti wa California walipata sehemu ya jibu: ngozi yenyewe ina protini za kupokea mwanga za jamii ile ile iliyo machoni, na kipande kilichobanduliwa mwilini kikimulikwa, vidoa vyake hutanuka vyenyewe.

Yule Paul, pweza wa Oberhausen, Ujerumani, aliyetabiri sawasawa mechi nane kati ya nane za Kombe la Dunia la 2010 kwa kuchagua sanduku lenye bendera, basi bendera hizo alikuwa anaziona bila rangi. Bahati ya namna hiyo hutokea mara moja katika 256, na mwaka huo wanyama wengi duniani walikuwa wanatabirishwa. Waliokosea hatuwajui majina.

Pweza anayevuliwa zaidi pwani yetu, ambaye jina lake la kisayansi ni Octopus cyanea, ana kituko chake mwenyewe. Yeye huwinda mchana, mara nyingi akifuatana na samaki. Watafiti waliowapiga picha katika Bahari ya Shamu walieleza mwaka 2020 kwamba pweza hukunja mnyiri ghafla akampiga ngumi samaki aliye jirani. Kwa nini? Uchunguzi wa kundi hilo uliotolewa mwaka 2024 ulifafanua mambo. Samaki aitwaye mkundaji hutangulia na kuonyesha wapi pa kutafuta. Pweza ndiye anayeamua kundi liondoke lini, na yeye ndiye mwenye minyiri ya kuingia mashimoni kuwatoa wanaojificha. Chewa aghalabu hukaa tu kusubiri cha kudandia. Na ngumi nyingi humwendea chewa.

Indonesia kuna mwingine aliyewaacha watafiti wakicheka ndani ya barakoa zao za kuzamia. Huyo huokota vifuu vya nazi vilivyotupwa na watu, akavipanga kimoja ndani ya kingine, akavikumbatia chini ya tumbo na kutembea navyo juu ya minyiri iliyokakamaa. Anapotishwa hufunika vifuu viwili na kukaa ndani. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 2009 kuwa ushahidi wa mnyama asiye na uti wa mgongo anayebeba kifaa kwa matumizi ya baadaye.

Turudi kwenye kifo, maana hapo ndipo pweza anaposhangaza kuliko popote. Kifo chenyewe huanzia kwenye kujamiiana. Dume hana haja ya kumkaribia sana jike. Mmoja wa minyiri yake, kwa kawaida wa tatu wa kulia, umeumbwa kwa kazi ya kupeleka mbegu. Jamaa mmoja wa pweza anayeitwa agonauta huuachia kabisa mnyiri huo, ukabaki ndani ya jike. Mwaka 1829 Georges Cuvier, mmoja wa wataalamu wakubwa wa wanyama Ulaya, aliukuta umejikunjakunja, akauandika kuwa ni mnyoo, kimelea wa aina mpya, akaupa na jina. Zaidi ya miaka ishirini ilipita kabla haijathibitika kwamba ule mnyoo ni kiungo cha dume. Jina alilotoa halikufutwa. Mpaka leo ndilo jina la kitaalamu la mnyiri wa kupandia.

Jike wa pweza wetu hutaga mayai laki kadhaa, akayatundika kwenye dari la shimo lake na kuyalinda. Huyapepea maji, huyasafisha kwa vikombe vyake, na hali chakula. Yanapoanguliwa, yeye anakufa. Katika kina cha mita 1,400 karibu na Monterey, California, jike wa aina nyingine alionwa juu ya mayai yale yale kuanzia mwaka 2007 hadi 2011, miezi 53, na chombo cha watafiti kilipomtembelea hakikumkuta akila hata mara moja. Hakuna mnyama mwingine anayejulikana kukalia mayai muda mrefu hivyo.

Njaa, basi, ndiyo inayomwua? Mwaka 1977 Jerome Wodinsky, Mmarekani, aliwatoa majike waliokwisha kutaga tezi mbili ndogo zilizo jirani na mishipa ya macho. Wakayaacha mayai, wakaanza kula, wakanenepa, na wakaishi zaidi. Kifo kilikuwa kinatolewa na tezi. Utafiti wa mwaka 2022 ulieleza kwamba tezi hizo baada ya kutaga hubadilisha jinsi zinavyotengeneza kolesteroli, na kati ya vinavyoongezeka kimo kimoja ambacho kwa binadamu kikizidi ni sumu.

Haya yote yana maana kwa mwanamke wa Makunduchi anayeshuka na mchokoo wake maji yakipwa, na kwa kila anayemngoja gatini na pesa mkononi. Pweza haishi muda mrefu, mwaka mmoja hivi au zaidi kidogo, na anakua haraka mno: mdogo anaweza kuongeza uzito wake maradufu kwa muda wa kama mwezi. Jike hutaga mara moja tu maishani, mwishoni. Kwa sababu hiyo watu wa Kisiwa Panza kule Pemba, na wa Pate kule Lamu, wamekuwa wakifunga sehemu ya miamba yao kwa miezi kadhaa, wakaifungua pweza wakiwa wamenenepa. Yeyote aliyeona pweza wa siku ya kufungua hahitaji semina.

Aliye mbali na miamba naye ana la kufanya. Kanuni za uvuvi za Tanzania zinakataza pweza asiyefika nusu kilo. Ukimkuta sokoni, awe bei rahisi namna gani, mwache hapo hapo: kama ni jike, bado hajataga hata yai moja.