Hatua mia mbili hadi gengeni

Saa mbili usiku, ninapofunika cherehani, kwenye mtaa wetu wa Mbagala zinawaka taa tatu: ya kibanda cha chipsi, ya mama anayekaanga mihogo, na ya duka la soda na mikate. Genge la mboga limeshafunikwa turubai tangu magharibi. Nina kisukari tangu 2017, na kwa miaka mingi niliamini kwamba sukari yangu inapandishwa na ulafi wangu. Hesabu ya zile taa sikuwahi kuipiga.

Niliipiga baada ya msimu mmoja wa sare za shule. Kuanzia Desemba hadi wiki ya pili ya Januari fundi hapati hata muda wa kuinua kichwa. Nilikuwa natoka kibandani usiku, njaa imenikamata, nanunua kilichopo: chipsi mayai, siku sita kati ya saba. Kliniki waliponitoa damu, majibu ya kipimo cha miezi mitatu yakasoma 9.8.

Kipimo hiki nakiheshimu. Wengi wetu tunajua kukaza tumbo siku mbili kabla ya kliniki. Asubuhi unachomwa kidole, mashine inasoma 6 na kitu, unarudi nyumbani umepongezwa. Kipimo cha miezi mitatu hakikubali ujanja huo. Sukari inayozunguka kwenye damu hujibandika kwenye hemoglobini, iliyo ndani ya chembe nyekundu, na chembe hizo huishi karibu siku 120. Kwa hiyo daktari anasoma wastani wa ulivyoishi wiki nyingi, na wengi wetu tunawekewa lengo la kuwa chini ya asilimia 7.

Muuguzi akaniuliza ninakula nini. Nikamjibu. Akanionyesha ile picha ya sahani: nusu mboga, robo wanga, robo maharage, samaki au nyama. Picha naijua kama ninavyojua mkasi wangu. Ambalo hakuniuliza, na sijawahi kusikia mgonjwa yeyote akiulizwa pale kwenye foleni, ni hili: unanunulia wapi, saa ngapi, na ukifika unakuta nini?

Wanaochunguza jambo hili huliita mazingira ya chakula, na wana njia mbili za kuyapima. Ya kwanza ni ramani: unahesabu magenge, maduka na vibanda vya vyakula vya kukaanga, unapima umbali. Ya pili ni kumuuliza anayeishi pale kama kwake ni rahisi kupata mboga na matunda, kama ni mazuri, kama bei anaimudu. Majibu ya njia hizi mbili mara nyingi hayalingani. Nilidhani tofauti hiyo hutokana na watu kutojua mtaa wao, mpaka nilipozungumza na jirani yangu, mama wa miaka sitini na kitu ambaye tunaenda naye kliniki.

Alikuwa analalamika kwamba kwetu hakuna mboga.

"Mama, genge si lile pale? Nimehesabu, hatua mia mbili tu," nikamwambia.

"Lipo kwako, mwanangu. Kwangu mimi halipo."

Akanieleza. Sukari ikikaa juu kwa miaka huharibu mishipa ya fahamu, na miguu yake ina ganzi. Njia ya gengeni inavuka mtaro kwa ubao mmoja. Mwaka juzi alijikwaa pale, akachanika kidole asihisi, na kidonda kile kilimweka ndani miezi miwili. Halafu mchicha wenyewe hauamini. Anasema unamwagiliwa maji ya mitaro. Na la mwisho alilitaja kwa sauti ya chini: dukani wanamwandika kwenye daftari, analipa mwanawe akituma hela. Gengeni ni taslimu. Dukani kuna unga wa sembe, mchele, sukari na mkate, na ndivyo anavyokula.

Ramani ingesema mimi na yeye tunaishi mahali pamoja. Miguu yake inasema vinginevyo, na mimi naiamini miguu yake.

Marekani athari ya mtaa kwa afya imefuatiliwa kwa muda mrefu. Kati ya 1994 na 1998, familia maskini katika miji mitano, Chicago na Baltimore ikiwamo, ziliingizwa kwenye bahati nasibu. Baadhi ya walioshinda walipewa vocha za kuhamia mitaa yenye umaskini mdogo. Wanawake wa familia hizo walipopimwa miaka 10 hadi 15 baadaye, waliopewa vocha hizo walikuwa na unene wa kupindukia na sukari ya juu kwa kiwango kidogo kuliko wasiopewa vocha yoyote. Kipimo cha sukari kilichotumika ni kile kile cha miezi mitatu. Sababu zinaweza kuwa nyingi, usalama na utulivu wa moyo pia, lakini hakuna aliyewagawia somo la sahani. Walibadilishiwa mtaa.

Mimi sina wa kunihamisha. Nilichobadilisha ni saa. Sasa namwachia binti yangu cherehani saa saba mchana, naenda gengeni jua likiwaka, nanunua matembele au bamia, na maharage nachemsha ya siku mbili. Ugali ni wa dona, nao naupima kwa ngumi. Hapa wengi hukosea: dona ina nyuzinyuzi kwa sababu pumba haikuondolewa, lakini bado ni wanga, na mlima wa dona utapandisha sukari. Kipimo changu cha mwisho kilisoma 7.6. Bado, lakini nimetoka mbali.

Kwa jirani yangu habari za saa hazikusaidia kitu. Mtaro tumeupeleka kwenye mkutano wa mtaa mara mbili, na ubao ni ule ule. Muuza mboga wa beseni anapita asubuhi, ila naye anataka taslimu. Basi tulikata madumu manne ya mafuta, tukatoboa matundu chini, tukajaza udongo na samadi ya kuku, tukachomeka vipande vya matembele mbele ya mlango wake. Matembele hayadai mengi. Wiki chache tu yakaanza kutambaa.

Juzi jioni nilimkuta ameinama, anachuma ya sufuria moja. Nikamuuliza kama haya nayo anayaogopa.

"Haya maji nayachota mwenyewe," akasema, akaendelea kuchuma.