Jimbo la Pwani la 1963: Kwa Nini Halikudumu

Serikali ya Kaunti ya Mombasa ilianza kazi baada ya uchaguzi wa Machi 2013, na vijana wengi wa Kisiwani wanaamini kuwa hapo ndipo mji huu ulipopata serikali ya karibu kwa mara ya kwanza. Wazee wa Kibokoni na Kuze wanajua kuwa sivyo. Miaka 50 kabla ya hapo Mombasa ilikuwa makao makuu ya Jimbo la Pwani, jimbo lenye bunge lake, rais wake na nafasi yake ndani ya Katiba ya nchi. Halikutimiza miaka miwili likiwa na nguvu. Vifungu kadhaa vya Katiba ya 2010 kuhusu ugatuzi huonekana kama maneno ya wanasheria tu mpaka mtu ajue yaliyotokea wakati huo.

Katiba ya kwanza ya Kenya ilitokana na mazungumzo ya Lancaster House, London. Chama cha KADU, kilichoongozwa na Ronald Ngala wa hapa Pwani, kilihofia kuwa jamii ndogo zingemezwa na KANU baada ya Waingereza kuondoka. Kikadai majimbo, na kwa kiasi kikubwa kikayapata. Nchi iligawanywa katika majimbo saba, Nairobi ikawekwa peke yake. Juu yake palikuwa na Seneti ya watu 41, mmoja kwa kila wilaya na mmoja wa Nairobi. Ngala akawa Rais wa Bunge la Jimbo la Pwani, na papo hapo kiongozi wa upinzani katika Bunge la Nairobi.

Kwenye karatasi ulikuwa mpango imara. Vipengele vilivyolinda majimbo havingebadilishwa ila kwa kura ya robo tatu ya wabunge na asilimia 90 ya maseneta. Kwa hesabu hiyo, maseneta watano tu wangetosha kuzuia mabadiliko.

Udhaifu wa kwanza, na kwa maoni yetu ndio mkubwa zaidi, ulikuwa fedha. Jimbo lilipewa majukumu mengi, lakini vyanzo vyake vya mapato vilikuwa vichache na kwa sehemu kubwa lilitegemea ruzuku na mgao kutoka Nairobi. Tazama Kilindini. Bandari iliyolisha mji huu haikuwa ya Jimbo la Pwani hata kidogo. Iliendeshwa na shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, chini ya huduma za pamoja za Kenya, Uganda na Tanganyika, na ushuru wa forodha ulikusanywa kwa utaratibu huohuo wa pamoja. Meli zilitia nanga mbele ya macho ya wajumbe wa Jimbo, lakini wao hawakuwa na kauli juu ya mapato yake. Serikali kuu ilipochelewesha na kuzuia fedha za majimbo, hawakuwa na pa kugeukia.

La pili ni watumishi. Waliokuwa wakuu wa mikoa na wilaya zama za ukoloni walibadilishwa vyeo ili waonekane ni maofisa wa jimbo. Hata hivyo ajira na kupandishwa vyeo kwao kulitazama Nairobi. Ofisa akipata maagizo mawili yanayopingana, moja la Rais wa Jimbo na moja la waziri, si vigumu kukisia lipi alilitii.

Tatu, mamlaka yalikuwa yahamishwe kwa awamu, na aliyeshika kalenda ni yuleyule aliyetakiwa kuyaachia. KANU, iliyounda serikali chini ya Jomo Kenyatta, haikuficha kwamba haikuyataka majimbo. Ilisema ni mzigo wa gharama kwa nchi changa yenye maofisa wachache waliosoma, na kwamba yangegawa watu kwa makabila. Hoja hiyo isipuuzwe. Hapa Kisiwani makuli na wafanyakazi wa reli waliotoka bara walikuwa na sababu ya kuuliza nafasi yao katika jimbo ambalo baadhi ya wanasiasa wake walizungumza kana kwamba ni la wenyeji pekee. Swali hilo halikupata jibu la kuridhisha, na majimbo yakakosa watetezi ambao yangeweza kuwapata.

Ikabaki Seneti. Lakini kinga ile ya asilimia 90 ilitegemea maseneta kubaki katika chama chao. Agosti 1964 Kenyatta alitangaza nia ya kuifanya Kenya jamhuri. Wabunge na maseneta wa KADU wakawa wanahama mmoja baada ya mwingine, na tarehe 10 Novemba 1964 Ngala mwenyewe akakivunja chama na kujiunga na serikali. Marekebisho yakapita bila kura ya maamuzi kuhitajika. Tarehe 12 Desemba 1964 Kenya ikawa jamhuri yenye rais mwenye nguvu, na majimbo yakapoteza uwezo wake. Mabunge yake yakageuzwa mabaraza ya mikoa, nayo yakafutwa 1968. Seneti ilikuwa imekwisha kuunganishwa na Bunge miaka miwili kabla.

Mji wa Kale una sehemu yake ya pekee katika hadithi hii. Hadi 1963 bendera nyekundu ya Sultani wa Zanzibar ilipepea juu ya Fort Jesus, kwa kuwa ukanda wa maili kumi wa Pwani ulihesabiwa kuwa milki yake iliyokodishwa kwa Waingereza tangu 1895. Wapo waliotaka Mwambao ujitenge. Ngala alipinga, akitaka ukanda huo uwe sehemu ya Jimbo la Pwani. Tarehe 8 Oktoba 1963 ukatiwa saini mkataba wa kuukabidhi kwa Kenya, na Kenyatta akamwahidi Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohammed Shamte, uhuru wa ibada, mahakama za kadhi na kutambuliwa kwa hati za ardhi. Tarehe 12 Januari 1964 serikali ya Shamte ikapinduliwa. Upande mmoja wa ahadi hiyo ukawa haupo tena kuidai. Mahakama za kadhi zilidumu kwa sababu ziliandikwa katika Katiba yenyewe, na leo zimo katika Kifungu cha 170.

Ukisoma Katiba ya 2010 baada ya hayo, utaona majibu. Kaunti zote kwa pamoja lazima zipewe angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa yaliyokaguliwa, na Kifungu cha 219 kinataka fedha hizo zitumwe bila kuchelewa kusiko na sababu. Kila kaunti ina bodi yake ya kuajiri. Uhamishaji wa majukumu uliwekewa muda usiozidi miaka mitatu. Muundo wa ugatuzi haubadilishwi bila kura ya maamuzi ya wananchi, kwa hiyo kuhama kwa wanasiasa peke yake hakutoshi.

Si kila kitu kimetatuliwa. Mgao bado huchelewa, na zahanati ya mtaani ndiyo huhisi kwanza. Bandari nayo bado iko mikononi mwa Serikali ya Kitaifa, chini ya Mamlaka ya Bandari ya Kenya. Mjadala huo utaendelea.

Makadirio ya bajeti ya Kaunti hufikishwa kwenye Bunge la Kaunti kabla ya tarehe 30 Aprili kila mwaka, na matumizi ya mwaka mpya huanza 1 Julai. Kati ya tarehe hizo mbili kila mkazi, wa Mji wa Kale/Makadara na wa wadi nyingine 29, ana haki ya kuyasoma na kutoa maoni yake kwa mdomo au kwa maandishi kabla hayajapitishwa.