Mahali pa Kushikia: Kodi Inavyozifikia Nyumba za Kisii na Nyamira

Marekebisho ya kodi huanza na swali ambalo hotuba za bajeti hupita kando yake: mlipaji atashikwa wapi? Kodi haikusanywi kwa haki peke yake. Inahitaji mahali pa kushikia. Mwalimu hushikwa kwenye hati ya mshahara, mwagizaji wa bidhaa hushikwa bandarini Mombasa, mwenye gari hushikwa kituoni anapojaza mafuta. Kaunti za Kisii na Nyamira zilihesabiwa watu 1,266,860 na 605,576 katika sensa ya 2019, na wengi wao wanaishi kwa mashamba madogo ya chai, ndizi na mahindi, au kwa biashara isiyozidi kibanda. Kwa watu kama hao mahali pa kushikia si dhahiri, na kila serikali iliyotawala nyanda za Gusii imelazimika kupatafuta upya.

Wakoloni walipapata kwenye paa. Boma la Kisii lilijengwa 1907, na baada ya majeshi ya Waingereza kuuvunja upinzani wa Wakisii mwaka uliofuata kwa kuchoma nyumba na kutwaa ng'ombe, kodi ya nyumba ikawa jambo la kila mwaka. Nyumba haifichiki wala haihami. Mwanamume mwenye wake watatu alilipia nyumba tatu. Sheria ya 1910 iliongeza kodi ya kichwa kwa wanaume wazima wasiokuwa na nyumba ya kulipia, ili kijana naye asiponyoke. Malipo yalitakiwa kwa fedha taslimu, na fedha taslimu ilikuwa adimu mno: mkulima aliuza nafaka au mfugo, au akaenda kufanya kazi ya mkataba, baadaye hasa katika mashamba makubwa ya chai ya Kericho. Kujaza hazina kulikuwa nusu tu ya kazi ya kodi hiyo. Nusu ya pili ilikuwa kuwatoa watu nyumbani wakafanye kazi za walowezi. Ni katika miaka ya 1930 ambapo serikali iliruhusu Waafrika wa Kisii na Meru, kwa kiasi kidogo na chini ya uangalizi mkali, kupanda kahawa, zao ambalo walowezi walikuwa wamelishikilia kama mali yao.

Baada ya uhuru kodi ya kichwa iliendelea kwa jina jingine, ikikusanywa na mabaraza ya kaunti na kulipia shule, zahanati na barabara za huko huko. Kuanzia 1970 serikali kuu ilizichukua kazi hizo pamoja na mapato yake. Miaka michache baadaye kodi yenyewe ikafutwa, na kodi ya mauzo iliyoanzishwa 1973 ikashika nafasi yake. Mwaka 1990 kodi ya mauzo ikageuka kuwa kodi ya ongezeko la thamani, VAT, na Mamlaka ya Ushuru ya Kenya, KRA, ilianza kazi Julai 1995. Kwa mwanakijiji badiliko hilo lilikuwa kubwa kuliko lilivyoonekana. Zamani alijua siku aliyolipa kodi, kiasi alicholipa na mtu aliyemkabidhi. Tangu hapo analipa kila siku, kidogo kidogo, ndani ya bei ya sabuni na nauli, na kwa kuwa hapewi risiti yenye jina lake, husemwa kwamba halipi kodi. Usemi huo haufai kurudiwa na mtu yeyote anayejali ukweli.

Ndizi za Nyamira zinaonyesha jinsi mzigo unavyosafiri. Zao la shambani lisilosindikwa halitozwi VAT, kwa hiyo kwenye karatasi mkungu wa ndizi hauna kodi. Lakini lori linalozibeba hadi Nairobi hutumia dizeli, na mafuta yalianza kutozwa VAT ya asilimia 16 Julai 2023, yalipotolewa kwenye kiwango cha asilimia 8. Juu yake kuna ushuru wa bidhaa, na ada ya matengenezo ya barabara iliyopandishwa mwaka 2024 kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita. Mchuuzi hawezi kudai VAT hiyo KRA, kwa kuwa bidhaa anayouza haimo katika mfumo wa VAT. Akipandisha bei jijini, mnunuzi atahamia viazi. Basi anaishusha bei shambani. Mkulima hana nafasi ya kubishana sana, maana ndizi iliyokomaa haingoji. Kodi huishia kwa yule asiyeweza kukimbia, hata kama sheria ilimtaja mwingine.

Mkate nao unaeleza kitu ambacho mjadala wa kisiasa hukiruka. Bidhaa inaweza kuwekwa kwenye kiwango cha sufuri, au ikasamehewa VAT. Maneno hayo mawili yanasikika kama yana maana moja, lakini hayana. Mkate uko kwenye kiwango cha sufuri, kwa hiyo mwokaji hurudishiwa VAT aliyolipia umeme, vifungashio na mashine. Bidhaa iliyosamehewa haimpi mtengenezaji haki ya kurudishiwa chochote, naye huificha gharama hiyo ndani ya bei. Mswada wa Fedha wa 2024 ulitaka mkate uhamishwe kutoka sufuri hadi asilimia 16. Mkate wa shilingi 65 ungepanda kwa takriban shilingi 10, na nyongeza hiyo ingekuwa sawa kwa mbunge na kwa mama anayeuza mboga Daraja Mbili, soko kubwa la mji wa Kisii.

Watetezi wa VAT wana hoja ya kweli. Katika nchi ambako zaidi ya watu 8 kati ya 10 wenye kazi wako nje ya ajira rasmi, kodi ya mapato huwaangukia wachache wenye mwajiri. Mwalimu wa Ogembo au Kebirigo hukatwa kodi ya mshahara, asilimia 1.5 ya nyumba za bei nafuu, asilimia 2.75 ya bima ya afya ya jamii na mchango wa uzeeni, yote kabla ya fedha kumfikia, na kinachobaki kinalisha jamaa wengi. Ni haki kuuliza kwa nini mwenye duka la jumla karibu naye asichangie. Swali ni namna ya kumfikia bila kumponda mdogo aliye kando yake.

Jibu la serikali limekuwa kodi ya mauzo ghafi. Imebadilishwa mara nyingi mno: ilianza mwishoni mwa miaka ya 2000 kwa asilimia 3, ikawekwa kando, ikarudi Januari 2020, ikashushwa hadi asilimia 1 wakati wa korona, kisha Sheria ya Fedha ya 2023 ikairudisha asilimia 3 kwa wenye mauzo kati ya shilingi milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka. Mpaka wa milioni 1 unaonekana wa mbali, hadi hesabu ifanywe. Kibanda kinachouza shilingi 3,500 kwa siku, siku 6 kwa wiki, kinafikisha shilingi 1,092,000 kwa mwaka, na kodi yake ni shilingi 32,760. Ikiwa mwenyewe anabakiwa na senti 10 katika kila shilingi, faida yake yote ya mwaka ni shilingi 109,200, kwa hiyo amelipa asilimia 30 ya faida. Akibakiwa na senti 5 tu, kama ilivyo kwa wauzaji wengi wa sukari na unga, amelipa asilimia 60. Mwajiriwa wa shilingi 24,000 kwa mwezi, yaani 288,000 kwa mwaka, halipi kodi ya mshahara hata kidogo, kwa sababu nafuu ya shilingi 2,400 kwa mwezi inaifuta. Mfanyabiashara anaruhusiwa kuchagua kodi ya kawaida inayotoza faida, lakini hapo lazima aweke vitabu vya hesabu, na kazi hiyo huwa na gharama inayoweza kumeza nafuu yenyewe. Sheria inayomtoza maskini kwa kiwango kinacholingana na kile cha kampuni kubwa au kukizidi haijakamilika, hata kama ni rahisi kukusanya.

Chai inaleta jambo hilo hilo kwa wakulima. Majani ya Nyansiongo, Sanganyi, Tombe, Kiamokama na Nyamache hupita kwenye mizani ya viwanda vilivyo chini ya KTDA, shirika la chai ya wakulima wadogo, na malipo hutoka sehemu moja. Hakuna mahali rahisi zaidi pa kushikia. Ndiyo maana mkakati wa mapato wa Hazina ya Taifa wa 2024/25 hadi 2026/27, uliolenga kufikisha mapato asilimia 20 ya pato la taifa, uliweka mezani pendekezo la kukata kodi isiyozidi asilimia 5 kwenye malipo ya wakulima kupitia vyama na vikundi vyao. Tatizo ni kwamba makato ya aina hiyo hupima malipo yote, bila kuuliza mbolea na vibarua vimegharimu kiasi gani. Viwanda vya magharibi ya Bonde la Ufa, vya Gusii vikiwemo, kwa kawaida hulipa bonasi ndogo kuliko vya mashariki kama Kirinyaga. Asilimia ile ile ingemla mkulima wa Nyamira zaidi kuliko mwenzake wa mlima Kenya, wakati wote wawili wamelipa kiwango kimoja kisheria.

Siasa za kodi nazo zina historia yake hapa. Simeon Nyachae, mbunge wa Nyaribari Chache, alikabidhiwa wizara ya fedha mwanzoni mwa 1998. Serikali ilikuwa imewaahidi walimu nyongeza kubwa ya mishahara kabla ya uchaguzi wa 1997, na hazina haikuwa na fedha. Nyachae alisema waziwazi kwamba nchi ilikuwa katika hali mbaya kifedha. Walimu waligoma mwaka huo huo, na Februari 1999 alihamishwa wizara, akajiuzulu. Ahadi hutolewa na wanasiasa wengi kwa pamoja, na mara nyingi lawama ya kuzilipia humwangukia mmoja.

Mwaka 2024 lawama iliwafikia wote. Mswada wa Fedha ulitaka kukusanya shilingi bilioni 346 za ziada, nchi ikibanwa na deni lililozidi trilioni 10 na masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa. Sylvanus Osoro, mbunge wa Mugirango Kusini, ndiye aliyekuwa kiranja wa wengi Bungeni, kazi yake ikiwa kuhakikisha kura za upande wa serikali zinatimia. Zilitimia: Juni 25 mswada ulipita kwa kura 195 dhidi ya 106. Vijana walikuwa barabarani kote nchini, mji wa Kisii ukiwemo, na siku hiyo waandamanaji waliuawa Nairobi. Kesho yake rais alikataa kuutia saini. Desemba hiyo hiyo, sheria ya marekebisho ya kodi ilirudisha baadhi ya mapendekezo yake.

Kuondolewa kwa mswada kuligusa pia ofisi za magavana. Katiba, kifungu cha 209, imeipa serikali ya kitaifa kodi zote nono: mapato, VAT, forodha na ushuru wa bidhaa. Kaunti zimebakiwa na kodi ya mali, kodi ya burudani na ada za huduma, kisha hupewa mgao. Mgao wa kaunti zote wa 2024/25 ulishushwa kutoka bilioni 400 hadi takriban bilioni 387. Kwa mwaka 2021/22 Kisii iligawiwa takriban bilioni 8.9 na Nyamira bilioni 5.1, na mapato yao ya ndani ni madogo sana yakilinganishwa na fedha hizo. Ndiyo sababu ada za soko, maegesho na vibali vya biashara hukusanywa kwa ukali, na ndiyo sababu Keroka, mji ulioko mpakani, umegombaniwa na kaunti hizo mbili kwa miaka: kila duka la upande wa pili ni ada iliyopotea. Wafanyabiashara wa hapo wamelalamika kudaiwa na pande zote mbili, ingawa kifungu hicho hicho cha Katiba kinakataza kodi za kaunti kudhuru biashara inayovuka mipaka.

Kodi ya ardhi ndiyo ambayo kaunti inaimiliki kikamilifu na ndiyo inayotumika kidogo. Mashamba mengi ya Gusii ni vipande vya urithi vya familia, na kuvitoza itakuwa kosa. Viwanja vya mjini ni jambo jingine. Barabara ikitiwa lami au soko likijengwa kwa fedha za umma, bei ya kiwanja cha jirani hupanda bila mwenyewe kufanya lolote, na ongezeko hilo ni halali kuchangia. Kiwanja hakifichiki wala hakihami, sawa na nyumba zilizohesabiwa na wakoloni, lakini hapa anayelipa ni mwenye nacho. Sheria ya Kitaifa ya Kodi ya Ardhi na Majengo ya 2024 imezifuta sheria za zamani na kuzitaka kaunti ziwe na madaftari ya thamani yanayokwenda na wakati. Kuyaandaa kunahitaji wapimaji, wathamini na bunge la kaunti lililo tayari kupitisha viwango. Wamiliki wa majengo makubwa ya mjini ndio wafadhili wa kampeni, na baadhi yao ndio wanaoketi katika mabunge hayo. Mama wa Daraja Mbili analipa ada ya siku kila asubuhi anapotandaza mboga zake.