Miwani ya Mkaguzi wa Nyuklia

Kenya, iliyoridhia Mkataba wa Kuzuia Kuenea kwa Silaha za Nyuklia mwaka 1970, inakaguliwa ilhali haina hata kinu kimoja cha umeme wa nyuklia. Leo tuone mkaguzi anatafuta nini.

Mkulima wa chai wa Mogogosiek ataelewa upesi. Majani yake hupimwa kituoni, karani akaandika kilo, kisha yakapimwa tena kiwandani. Tofauti ikizidi, lazima mtu ajieleze. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, IAEA, hufanya vivyo hivyo kwa urani, plutoni na thori. Daftari husomwa, halafu kitu chenyewe kionekane kwa macho.

Kwetu kitu hicho chaweza kuwa kamera ya kuchunguza viungo vya mabomba ya chuma. Ni kisanduku chenye mpini, kidogo kwa umbo lakini kizito ajabu. Ndani mna iridiamu-192, ambayo nguvu yake hupungua nusu kila baada ya siku 74 hivi. Katika kamera nyingi, kinga inayoizunguka ni urani hafifu. Iridiamu huchoka; urani hubaki. Kisanduku kikiishia kwa wanunuzi wa chuma chakavu, urani imetoka daftarini bila kuibwa na mtu.

Hapo ndipo inapoingia teknolojia ya uhalisia ulioongezwa. Aliyevaa miwani ya teknolojia hiyo huona chumba kilekile alimosimama, na juu ya kila kifaa huona namba yake, uzito uliotangazwa na hali ya muhuri. Kikiunganishwa kipimo cha mionzi, penye hatari hupakwa rangi mbele ya macho yake, na mikono yake yote iko huru.

Faida kubwa zaidi naiona darasani. Mionzi haionekani wala hainuki, na hakuna mwalimu mwenye akili timamu atakayewaletea wanafunzi chanzo kikali. Pale Chuo Kikuu cha Kabianga, kisanduku kitupu mezani kingetosha: miwani ingekivika mionzi ya kuigiza, mwanafunzi akajifunza kukaa mbali.

Lakini miwani ina kamera, na wenye mitambo huchelea siri zao kutoka. Basi ifanye kazi bila intaneti. Tena mkaguzi asiamini maandishi ya miwani kuliko mizani.

Mamlaka ya Kudhibiti Nyuklia, iliyoundwa kwa sheria ya 2019, ianze mafunzo haya kaunti kwa kaunti. Nawe msomaji wa Kericho au Bomet, ukikuta kisanduku kizito chenye alama ya mapanga matatu, usikifungue wala usikiuze. Kaa mbali, uwaite polisi.