Mnavu: Gugu la jana, mboga ya kutegemewa leo

KWA miaka mingi mnavu ulihesabiwa kuwa gugu. Mkulima alipopalilia mahindi aliung'oa na kuutupa kando ya shamba, isipokuwa pale akina mama walipowahi kuchuma majani yake kabla ya jembe kufika. Sasa hali imegeuka. Mboga hii, ambayo Wakikuyu huiita managu, Waluo osuga, Wakisii rinagu na Wakalenjin isoiyot, huuzwa kwa mafungu katika masoko ya miji yetu, na tangu miaka ya 2000 imeingia hata katika maduka makubwa.

Watafiti nao wamechangia mageuzi hayo. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta ametumia miaka mingi kuonyesha thamani ya mboga za kienyeji kwa afya na kwa mfuko wa mkulima. Majani ya mnavu yana madini ya chuma na kalisi, pamoja na viini ambavyo mwili hutumia kutengeneza vitamini A.

Hata hivyo, anayenunua mboga mjini aghalabu hajui ilikokuzwa. Baadhi ya mashamba ya mijini hunyunyiziwa maji taka, ambayo yanaweza kubeba viini vya maradhi na metali zenye sumu. Kuosha majani huondoa uchafu wa nje tu. Sumu iliyofyonzwa na mizizi haitoki kwa maji ya mfereji. Anayekuza mboga yake mwenyewe kwa maji safi hujiepusha na shaka hiyo.

Mnavu hauhitaji shamba kubwa. Huko Kibera, bustani za magunia zilienea baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, wakati chakula kilipoadimika. Gunia hujazwa udongo uliochanganywa na samadi, mawe hupangwa katikati ili maji yafike chini, kisha miche hupandwa juu na katika matundu ya ubavuni.

Mwenye kipande cha ardhi atayarishe tuta na kulitia samadi iliyooza vyema. Kwa kuwa mbegu za mnavu ni ndogo mno, zichanganywe na mchanga mkavu ili zisirundikane, zimwagwe katika mistari yenye nafasi ya sentimita 30, na kufunikwa kwa udongo mwepesi. Zikichimbiwa chini sana hazitaota. Miche ikishasimama ipunguzwe, na ile iliyong'olewa yaweza kupandwa kwingine au kupikwa.

Jambo moja husahaulika mara kwa mara: mnavu ni wa ukoo mmoja na nyanya, viazi na biringanya. Magonjwa kama bakajani na mnyauko hushambulia mimea hii yote. Kwa hivyo usiupande mahali palipotoka nyanya au viazi msimu uliopita. Tanguliza kunde au maharagwe.

Mavuno huanza baada ya wiki nne hadi sita hivi. Usiung'oe mmea mzima. Kata ncha ya shina kuu, ukiacha kama sentimita 15 juu ya ardhi, nao utachipua matawi ya kando ambayo utayachuma kila wiki. Maua yakitokea yaondoe, kwa maana mmea ukishaanza kuzaa hupunguza majani. Bakisha mimea michache yenye afya kwa ajili ya mbegu. Matunda yake yakiiva kabisa yakamue ndani ya maji, osha mbegu hadi utelezi uishe, kisha zianike kivulini.

Hapa pana tahadhari ambayo kila mzazi anapaswa kuizingatia. Matunda mabichi, yale ya kijani, yana sumu inayoweza kuleta maumivu ya tumbo, kutapika na kuhara. Yaondolewe yote wakati wa kuchambua mboga, na watoto wakanywe wasiyachezee wala kuyala.

Jikoni, chambua majani na vichipukizi laini, yaoshe kabla ya kuyakata, kisha yachemshe katika maji kidogo yenye chumvi kwa dakika kumi hadi kumi na tano. Wengi humwaga maji ya kwanza ili kupunguza uchungu, lakini wajue kwamba sehemu ya vitamini C humwagika nayo. Njia iliyo bora ni kuchanganya mnavu na mchicha au majani ya malenge, ambayo hulainisha ladha yake. Kaanga kitunguu na nyanya kwa mafuta kiasi, tia mboga, kisha mimina maziwa au malai na uache vichemke polepole. Maziwa hutuliza uchungu, na mafuta husaidia mwili kunufaika na vile viini vya vitamini A.

Uchungu kidogo utabaki, nao ndio wanaoutamani waliozoea mboga hii kwa ugali. Atakayepanda tuta moja mwanzoni mwa mvua, na kumwagilia kiangazi kiingiapo, atachuma mboga kwa miezi kadhaa bila kungoja bei ya sokoni ishuke.